Nazo, au bila yazo?

Mzee alikuwa amesimama kwenye mlango wa hoteli, mikono ameifunga nyuma, akiwatazama watu wakitema kokwa.

Ilikuwa Aprili, alasiri, lile jua la Lisbon linaloangaza bila kuunguza. Hoteli ninayofanya kazi ya mapokezi iko hatua chache kutoka Largo de São Domingos, na ukisimama mlangoni unakiona vizuri kiduka cha A Ginjinha: chumba kimoja chembamba, kaunta moja, chupa zimejipanga nyuma ya muuzaji. Kiti hakuna. Unalipa, unapewa kigilasi kisichozidi kikombe cha kahawa ya barazani, unatoka nje, unakunywa umesimama. Mawe ya uwanja pale mbele yananata chini ya viatu kutwa nzima.

Nilimjua ni wa kwetu kabla hajanigeukia. Alikuwa akimgombeza mjukuu kwenye simu kwa Kiunguja, na mjukuu, nadhani, akimjibu kwa Kiarabu.

"Shikamoo, ami."

Akageuka kama aliyechomwa sindano. "Marahaba, mwanangu! Alaa! Wewe wa wapi?"

"Mombasa, ami. Mji wa Kale."

Yeye ni mzaliwa wa Unguja, ila ameishi Maskati tangu ujana wake. Amekuja kutembea na binti yake na wajukuu. Wenzake wamepanda ngomeni kuangalia mji, yeye magoti yamemgomea. Tukasalimiana ile salamu ndefu ya watu wasiojuana wanaotafuta pa kukutania, na tulipompata mtu mmoja wa Lamu tunayemjua sote wawili, akanyoosha kidole kwenye foleni.

"Hebu nambie. Wale wanakunywa nini?"

"Ginjinha, ami. Mvinyo wa matunda."

"Mvinyo, au divai?"

Nikanyamaza.

"Maana mvinyo kwetu sie," akasema, "ni ile inayowaka kooni. Divai ndiyo ya padri. Sasa hiyo ni ipi?"

Kabla sijapata la kujibu akacheka peke yake. "Wareno tuliwatoa Maskati 1650. Tukawatoa Mombasa 1698. *Vinho* yao tukabaki nayo mdomoni bila ya kuinywa."

Kesho yake aliondoka, akaniachia namba ya simu na maneno yale.

## Kazi ya pua

Niwaeleze jambo ambalo wasomaji wangu wa zamani wanalijua: mimi sinywi. Sijawahi kutia tone mdomoni. Lakini kila siku mgeni hunijia na chupa mkononi au jina kwenye simu, anauliza, "Hii nzuri? Hii ya kunywa na nini? Hii nikifungua itakaa?" Mtu wa mapokezi Lisbon asiyejua mvinyo wa Kireno ni kama mtu wa mapokezi Mombasa asiyejua kivuko cha Likoni.

Kwa hiyo nilijifunza kwa pua.

Mwenzangu wa zamu ya usiku, mtu wa Cape Verde, huonja, mimi hunusa. Yeye anasema anachokisikia ulimini, mimi nasema kinachonijia, tunalinganisha. Port ni mvinyo mtamu, mkali, wa kaskazini ya Ureno; aina ya ruby, ile changa nyekundu, kwangu ni zambarau zilizoiva mpaka zikapasuka. Tawny ya miaka 20, iliyozeekea ndani ya pipa mpaka wekundu ukageuka kahawia, ni ganda la chungwa lililokauka, njugu zilizokaangwa, na halua iliyosahauliwa kabatini. Madeira, mvinyo wa kisiwa cha jina hilo, ni ile sekunde unayopika kashata, sukari imeanza kuungua kwenye sufuria na nazi hujatia bado. Ginjinha ni mdalasini kwanza, halafu uchungu fulani wa lozi unaotoka ndani ya kokwa.

Wageni hupenda maelezo haya kuliko ya kwenye vijitabu. Mmoja alirudi kunishukuru kwa ajili ya kashata ambayo hajawahi kuila.

Mama aliniuliza mara moja tu. Anaijua, kama ninavyoijua mimi, Hadithi ya Mtume inayowataja mpaka wenye kukibeba kileo na wenye kukimimina. Nikamwambia, "Mama, mimi nauza vyumba." Hakusema kitu. Nami sikuongeza. Jibu lile bado sijaridhika nalo, na sitajifanya hapa kwamba nimeridhika.

Lakini swali la ami lilikuwa jingine. Kwa Kiingereza ningemjibu. Kwa Kireno ningemjibu na kumzidishia. Kwa Kiswahili, lugha ninayoota nayo, nilikuwa na maneno mawili tu, na yote mawili hayakunitosha.

## Ginja siyo mvinyo

Nianze na lililo rahisi, kwa kuwa ndilo nililomtumia kwanza kwa sauti ya WhatsApp.

Ginja ni cheri, lakini si ile tamu. Ni ile chachu, ndogo, inayokunja uso kama ukwaju mbichi. Mvinyo hautokani nayo. Tunda huwekwa zima, na kokwa yake, ndani ya *aguardente*, yaani pombe kali iliyokwisha kukenekwa, likatiwa sukari na mdalasini, likaachwa miezi. Neno lenyewe *aguardente* ukilipasua ni "maji yawakayo". Kwa hiyo ami alikuwa karibu na ukweli kuliko mimi: ile inawaka.

Kiduka cha kona kilifunguliwa mwaka 1840 na mtu wa Galicia, jirani wa kaskazini, aliyeitwa Espinheira. Inasimuliwa kwamba fundisho alilipata kwa mtawa. Sijui kwa nini kila kileo cha Ulaya lazima kiwe na mtawa nyuma yake. Muuzaji huuliza swali moja tu: *com elas ou sem elas?* Nazo, au bila yazo? "Hizo" ni cheri za chini ya chupa. Mgeni asiyejua Kireno hudhani anaulizwa habari za wanawake, maana *elas* ni "wao" ya kike. Nimeshawatuliza waume kadhaa.

Kule Óbidos, mji mdogo wenye kuta kaskazini ya Lisbon, huimimina kwenye kikombe cha chokoleti, ukanywa ukala na chombo. Ami alilipenda hilo. "Basi hakuna cha kuosha," alisema.

Na uwanja wenyewe una mengi kuliko cheri. Hapo hapo pana jiwe la kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa na umati mwezi wa Aprili 1506. Kanisa la São Domingos liliungua 1959, na ndani nguzo zimeachwa vivyo hivyo, zimebabuka. Waafrika wamekuwa wakikutana pale tangu enzi za watumwa, walikuwa na chama chao cha kanisa mumo humo, na hata leo jioni utawakuta wazee wa Guinea-Bissau wamekaa, wanawake wametandaza vitu vyao chini, Kikrioli kinaruka huku na huku. Watalii wanatema kokwa katikati yao. Mimi hupita hapo kila siku na mfuko wa mkate, na sijaacha kushangaa jinsi watu wanavyoweza kutumia uwanja mmoja bila kuonana.

## Nadharia yangu nzuri

Wiki ya pili nilipata jibu, au nilidhani nimelipata.

Swali lilikuwa: kwa nini *vinho*, neno la juisi ya zabibu iliyochacha, lilipofika kwetu liligeuka mvinyo kwa maana ya kileo chochote kikali? Shoga yangu wa Dodoma, anayesoma Coimbra na aliyekulia kati ya mizabibu ya kwao, alinionyesha kwamba hata Biblia ya Kiswahili imegawa. Harusini Kana maji yanageuka divai. Paulo anapowakataza Waefeso kulewa, anataja mvinyo. Kwenye Kigiriki neno ni lile lile moja. Ya baraka wakaipa jina linalosemekana limetoka kwa Wafaransa, ya ulevi wakaiachia jina la Wareno.

Nami nikajiambia: bila shaka! Kinachofanya mvinyo wa Kireno uitwe wa Kireno ni kuongezwa ukali.

Tazama port inavyotengenezwa. Kwenye bonde la mto Douro, kwenye matuta ya mawe yaliyopandana mlimani kama ngazi, zabibu huvunwa na, kwa mila, hukanyagwa kwa miguu ndani ya mabirika ya mawe. Watu hushikana mabega na kwenda mbele na nyuma kwa saa nyingi kama wanaokesha kwenye maulidi. Hamira huanza kula sukari. Baada ya siku mbili tatu, sukari ikiwa karibu nusu bado haijaliwa, humiminwa brandi ya zabibu yenye ukali wa asilimia 77. Hesabu ya jadi ni lita 115 za brandi kwa lita 435 za juisi, jumla lita 550, pipa moja. Hamira inakufa. Utamu uliobaki unabaki milele. Kinachotoka kina ukali wa asilimia 19 mpaka 22, na kinaweza kuvumilia miaka ambayo mvinyo wa kawaida ungekuwa siki.

Halafu Madeira, kisiwa chenye mizabibu kwenye majabali, ambako merikebu za kwenda Bara Hindi na Amerika zilitia nanga kuchukua maji na mvinyo. Mapipa yalipita Ikweta tumboni mwa meli, yakapikwa na joto, yakatikiswa, na yaliyorudi yalionekana matamu kuliko yalivyoondoka. Mvinyo huo waliuita *vinho da roda*, mvinyo wa mzunguko. Roda! Lile lile neno la mabaharia wetu, kigurudumu kinachopitisha kamba ya tanga. Baadaye wakaona hakuna haja ya meli, wakajenga vyumba vya joto. Mpaka leo Madeira ya kawaida hupashwa kwenye matangi nyuzi 45 hadi 50 kwa miezi isiyopungua mitatu, na ile ya heshima huachwa kwenye mapipa darini, jua lifanye kazi yake kwa miaka. Chupa ya Madeira ukiifungua haiharibiki. Imekwisha kufanyiwa kila baya ambalo hewa na joto vinaweza kuufanyia mvinyo.

Unaona nilivyounganisha? Mvinyo mwepesi usingefika Mombasa salama. Kilichofika ni kile kilichotiwa nguvu kwa safari. Babu zetu walichokiona na kukinusa gatini kilikuwa kikali, na neno likabeba ukali ule mpaka leo.

Nilimrekodia ami dakika tisa. Tisa. Nilikuwa nimejipenda.

## Tarehe zikaniumbua

Usiku ule ule sikulala, nikaanza kuhesabu.

Ngome ya Mombasa ilianza kujengwa 1593. Ikaanguka Desemba 1698, baada ya kuzingirwa tangu 1696. Wareno walirudi 1728, wakatolewa tena mwaka uliofuata. Basi.

Sasa port. Mkataba wa Methuen, uliopunguza ushuru wa mvinyo wa Kireno Uingereza na kuufanya uwe biashara ya kweli, ni wa 1703. Mipaka ya Douro iliwekwa na Marquês de Pombal, waziri wa mfalme wa Ureno, 1756, kwa nguzo za mawe, kwa kuwa walanguzi walikuwa wanatia rangi mvinyo hafifu kwa matunda meusi ya porini. Aliamuru mpaka miti ile ing'olewe. Mwaka uliofuata watu wa Porto waliingia barabarani kuipinga kampuni yake iliyohodhi biashara ya mvinyo, wakanyongwa wengi, na uasi wenyewe ukabandikwa jina la Uasi wa Walevi, jina lililotoka, bila shaka, kwa wasionyongwa. Na ile ya kukata uchachaji kwa brandi haikuwa desturi ya wote mpaka ndani ya karne ya 19. Mwaka 1844 Mwingereza mmoja wa Porto, Joseph James Forrester, alikuwa bado anachapisha kijitabu kuwalaumu wanaotia brandi, akitaka mvinyo uachwe kama ulivyo. Alishindwa hoja, na mwaka 1861 mto Douro wenyewe ukammeza kwenye maporomoko ya Valeira. Alikuwa kwenye mashua moja na Dona Antónia Ferreira, mwanamke mwenye mashamba makubwa kuliko wote bondeni. Husemwa kwamba yeye aliokolewa na sketi zake pana zilizoelea, na Forrester akazamishwa na mkanda wa fedha kiunoni. Wageni hawachoki na kisa hicho.

Na Madeira? Brandi ilianza kutiwa kwa kawaida karne ya 18.

Kwa hiyo mvinyo uliotiwa nguvu ulikuja kuwa mvinyo uliotiwa nguvu wakati Wareno wameshaondoka kwetu. Waliokuwa ndani ya ngome walikunywa mvinyo wa kawaida, na kwa joto la Mombasa, huenda walikunywa siki.

Nadharia yangu ilikuwa nzuri, ila ilichelewa miaka mia.

Nilimtumia ami ujumbe mfupi: "Usisikilize ile ya jana."

Akajibu: "Nimeshaisikiliza mara mbili. Na nimewapelekea watu."

## Nje ya ukuta

Kilichofuata kilinijia kazini, nikimwandikia mgeni kadi ya chumba. Neno *igreja*.

*Igreja* ni kanisa. Kwetu ni gereza. Nimelijua hilo tangu shule, tukicheka, lakini sikuwahi kusimama nalo. Mtu akiwa ndani ya jengo lile anaona altare na mishumaa. Mtu wa nje anaona kuta nene na mlango unaofungwa, watu wanaoingia wasionekane. Kila upande ulilipa neno maana kwa mahali uliposimama.

Huenda na mvinyo ni hivyo. Mnywaji anajua hii nyekundu, hii nyeupe, hii chachu, hii ya mwaka gani. Asiyekunywa anachokiona ni mwenzake anavyotembea baada ya kunywa. Kwake yeye tembo la mnazi, brandi na juisi ya zabibu vyote vina mwisho mmoja. Neno moja linamtosha.

Na tazama tulivyovipokea. Hatukuchukua jina hata moja la zabibu, wala la rangi, wala la utamu. Tulichukua meza. Tulichukua kopo, ambalo ni *copo*, lile lile muuzaji wa ginjinha analoliita kigilasi chake. Tulichukua kasha. Tulichukua pipa. Vyombo vilituingia nyumbani, vilivyokuwamo ndani vikabaki nje.

Hii niliiamini zaidi. Pia ilinigusa, kwa sababu ndivyo nilivyo mimi pale kaunta, na pua yangu na kashata zangu.

Nikamrekodia ami, safari hii dakika mbili.

Alichukua siku tatu kunijibu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekaa kitako.

"Mwanangu, umesema vizuri. Lakini wewe wadhani hapakuwa na Mswahili aliyeonja? Na Yusuf bin Hassan je?"

Nikaona aibu, maana huyo ni wa kwetu Mombasa na nilisomeshwa habari zake. Mwana wa mfalme, akachukuliwa na Wareno kulelewa Goa, akabatizwa Jerónimo, akarudishwa kutawala, na Agosti 1631 akawageuka na kuiteka ngome. Huyo alikaa meza moja nao tangu utoto. Alijua nyekundu na nyeupe.

"Huyo alikuwa ndani," akasema ami, "na akatoka nje kwa upanga. Sasa yeye aliuita nini? Mvinyo au *vinho*?"

Sina jibu. Nimelizungusha swali lile kama kokwa mdomoni.

Halafu, kama kawaida yake, akarukia jambo jingine. Binti yake alinunua uwanja wa ndege chupa iliyoandikwa *Moscatel de Setúbal*, zawadi kwa jirani wa Kizungu. Je, ni ya Maskati? Nilicheka, ingawa si yeye wa kwanza kuuliza. Wapo wanaodai zabibu ile ilipata jina kwa mji wake. Wengi wanaona limetokana na miski, kwa harufu yake, na mimi niliyeinusa nawaunga mkono: maua ya mchungwa, asali, na kitu cha kabati la bibi harusi. Nikamwongezea kwamba kampuni ya José Maria da Fonseca ya Azeitão huko nyuma ilikuwa ikiisafirisha Moscatel ng'ambo kwa meli, na mapipa yasiyouzwa yalirudi yameiva zaidi, wakayaita *torna-viagem*, yarudiayo safari. Akasema, "Basi yamekuwa kama sie." Sikumuuliza alikuwa na maana gani. Mtu aliyeondoka Unguja kijana humuulizi hivyo kwa simu.

## Pipa

Mwezi Mei nilipata siku mbili za mapumziko, nikapanda treni kwenda Porto na kuvuka daraja kwa miguu hadi Vila Nova de Gaia, ambako maghala ya port yamejipanga kando ya mto na majina yao juu ya mapaa. Nilishawahi kwenda na wenzangu wa kazini. Safari hii nilikwenda peke yangu kwa ajili ya mapipa.

Kwa miaka mingi mvinyo ulishushwa kutoka milimani kwa mashua za *rabelo*, tanga moja la mraba na kasia refu nyuma, ukaja kuzeekea hapa penye ubaridi na unyevu wa bahari. Mpaka 1986 sheria ilitaka port ya kwenda ng'ambo ipitie Gaia. Leo mashua zimefungwa gatini kwa ajili ya picha. Ndani ya maghala ni giza, sakafu ya udongo na mawe, hewa imejaa harufu mpaka unahisi unaila. Kila mwaka sehemu ya mvinyo hupotea kupitia mbao. Wanaiita fungu la malaika. Nikasema moyoni, malaika wa kwetu hawana fungu huku.

Kwenye kona alikuwapo fundi wa mapipa akifanya kazi kwelikweli. Hakutumia gundi wala msumari. Ubao kando ya ubao, kila mmoja umekatwa mpana katikati na mwembamba kwenye ncha zote mbili, na katikati ya mbao anachomeka majani makavu ya matete kuziba mwanya. Halafu pete ya chuma, halafu nyundo, anazunguka pipa huku akigonga, hatua, gongo, hatua, gongo, sikio limeinama. Aliposikia mlio anaoutaka akaacha. Sikuona tofauti ya mlio wa mwisho na ule wa kabla yake.

"*Esta pipa*," akaniambia, akilipiga kiganja kama mtu anavyompiga punda wake, "ina umri kunizidi."

Pipa. Alilitamka kama nyanya yangu.

Nyanya yangu alikuwa na pipa uani, chini ya mfereji wa paa la mabati. Wingu likikaribia kutoka upande wa bahari alikuwa akiita kutoka jikoni, "Pipa! Funueni pipa!" na sisi watoto tulikimbia kutoa kifuniko. Juu yake, kwenye msumari, palining'inia kopo la kuchotea. Maji yale yalikuwa ya kunywa, ya kutawadha, ya kupikia wali wa Ijumaa. Katika nyumba ile neno mvinyo halikutajwa isipokuwa kwa kumsema mtu. Lakini vyombo vyake tulikuwa navyo, na tulivitumia kwa udhu.

Nilimwomba fundi aniruhusu kugonga mara moja. Akanipa nyundo. Niligonga vibaya, akacheka, akarudia mahali pangu.

## Ginja za Juni

Ginja mbichi huingia sokoni Juni, na hazikai. Nilinunua kilo mbili.

Nyumbani hapa kila mtu ana chupa yake ya ginjinha anayoitengeneza mwenyewe, na jirani yangu wa chini aliponiona na mfuko alinishushia chupa ya *aguardente* bila kuulizwa. Nikamshukuru, nikamwambia safari hii sihitaji. Aliniangalia kama niliyesema napika pilau bila mchele.

Nikazitia kwenye sufuria zima zima, kokwa ndani, sukari, kijiti cha mdalasini, na karafuu nne za kopo nililoletewa kutoka nyumbani. Povu la waridi likapanda, nikaliengua. Moto mdogo, dakika arobaini. Chumba kikanuka kona ya São Domingos na jikoni kwa nyanya kwa wakati mmoja, na nikafungua dirisha kwa kuwa macho yalikuwa yananiwasha.

Nilijaza chupa mbili za mdomo mpana. Moja niliifunga kwa magazeti na fulana, nikaipeleka posta. Karani akauliza kama mna pombe ndani.

"*Sem*," nikasema. Bila.

Juu ya kifuniko nilikuwa nimembandikia ami karatasi: *Nazo, bila yake.*

Zilichukua wiki tatu. Ujumbe wa sauti uliingia nikiwa zamu ya asubuhi, nikausikiliza nyuma ya mlango wa stoo. Zimefika, alisema, hazikuvunjika. Ni chachu wallahi, ni tamu, mke wake amekataa na wajukuu wamemaliza nusu. Kokwa walizitema barazani kama wale wenzangu wa kona, mpaka akawagombeza. Tatu aliziokota, akazifukia kwenye kopo la maziwa ya unga, akaliweka dirishani penye ubaridi wa kiyoyozi. Anazimwagilia kila baada ya swala ya alfajiri.

Dakika arobaini motoni. Haziwezi kuota.

Sijamwambia.